Dirisha la vinili linakalia nini?

Watu wakinipigia simu kuhusu madirisha, huuliza kioo. Kiwe tabaka mbili au tatu? Gesi ya argoni iliyo katikati haitavuja? Hiyo plastiki nyeupe haitageuka njano? Ni maswali ya haki, maana dirisha ni pesa. Ila dirisha litakalia nini, hilo haliulizwi na mtu, na kwenye nyumba kuukuu za hapa Minneapolis, Marekani, ndilo linaloamua kama miaka mitano ijayo utalifungua kwa vidole viwili au kwa kulipiga goti.

Mimi ni seremala wa Tanga. Nilifunzwa na mjomba wangu kwenye karakana ya Ngamiani, kazi ikiwa milango na madirisha ya mvule na mninga. Fremu ya mvule ukiisimamisha kwa timazi na kuibana ukutani kwa vishikizo vya chuma, umemaliza. Inajibeba. Vinili, yaani plastiki ya PVC, haijibebi. Ukiikata fremu yake ukaichungulia ndani, utaona vyumba vitupu vilivyotengwa kwa kuta nyembamba za PVC. Vyumba hivyo ndivyo vinavyozuia baridi, lakini havina ubavu. Sasa chukua dirisha la futi tatu kwa futi tano. Kioo cha milimita 3, tabaka mbili, kina uzito wa kilo 15 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo umebeba kilo 20 za kioo kitupu, bado fremu. Vioo hivyo vinapanda na kushuka kwa springi zilizomo ndani ya miimo, na mzigo wote unateremka kwenye miimo hiyo mpaka pembe mbili za chini. Kama chini ya pembe pana hewa, fremu itashuka mpaka ikutane na mbao. Itachukua muda, lakini itashuka.

Kwa ambaye hajawahi kuiona kazi hii: nyumba nyingi za upande wa kusini wa mji huu zilijengwa miaka ya 1910 na 1920. Dirisha lake la asili lina vioo viwili, cha juu na cha chini, vimefungwa kamba za pamba zinazopita kwenye kapi hadi kwenye vyuma vizito vilivyojificha ndani ya ukuta. Anayekuja kubadilisha haing'oi fremu ya mbao. Anabandua fito za ndani, anatoa vioo, anakata kamba, anatoa vyuma, ile nafasi iliyokuwa ya vyuma anaijaza sufi ya kuzuia baridi, kisha anachomeka dirisha jipya zima la vinili ndani ya fremu ile ile ya zamani. Plasta haiguswi, nje hakuguswi, na kwa siku moja watu wawili wanaweza kumaliza upande mzima wa nyumba.

Uzuri wake unaishia hapo. Fremu ya miaka mia moja haina pembe mraba hata moja, maana nyumba imekwisha kukaa, na kila kona imekaa inavyotaka yenyewe. Halafu kizingiti chake cha chini kimelazwa kwa mteremko kuelekea nje ili mvua imwagike. Mara nyingi mteremko huo ni nyuzi 14 hivi. Dirisha la kuchomeka lina kina cha inchi tatu na robo. Piga hesabu: ukingo wa nje wa kizingiti uko chini kuliko wa ndani kwa robo tatu ya inchi na ziada kidogo. Ukiliweka dirisha tu hivi hivi, linagusa ukingo wa ndani peke yake, nje linaelea.

Wenye viwanda wanalijua hili, kwa hiyo ndani ya boksi huja na ukanda wa plastiki wa kuziba lile pengo upande wa nje. Fundi wengi wanauona ukanda ule wanadhani ndio msaada. Ule ni pazia. Unazuia macho na upepo, haubebi kitu.

Dada mmoja kutoka Bukavu alinunua nyumba ya namna hiyo, madirisha yakiwa tayari yamebadilishwa na kampuni ambayo mwenye nyumba wa kwanza aliikodi. Akanipigia: "Fundi, hii dirisha ya chumba ya watoto inakatala kufunga." Nilikwenda nikaona komeo halifiki kwenye tundu lake. Kioo cha chini kikishuka, kinagota katikati na kuacha upenyo kwenye pembe mbili. Unaweka kiganja pale unasikia Januari inaingia. Nikalaza rula ya chuma juu ya kizingiti cha plastiki. Ikawa inacheza, kushoto ikiinuka kulia inalala. Kizingiti kilikuwa na kibyongo.

Nilipobandua fito ya ndani sababu ikawa wazi. Aliyelifunga aliweka kabari mbili za mbao katikati ya kizingiti, zote zimeingizwa kutoka ndani, ncha zikielekea nje, na kwenye pembe hakuweka chochote ila povu la chupa, lile la kuziba mapengo. Povu lilikuwa limefinywa likawa jembamba kama andazi la jana. Ubavuni, nyuma ya skrubu, alikunja vipande vya katoni, pengine la boksi la dirisha lenyewe. Katoni lilikuwa limelowa, likakauka, likalowa tena, mpaka likabaki unene wa karatasi. Skrubu nayo, kwa kuwa nyuma yake hapana kitu, ilikuwa imeuvuta mwimo kuelekea ukutani. Hiyo ni hatari ambayo wenye nyumba hawaijui: mwimo ukipinda kuelekea ukutani, kile kidude cha chuma kinachoshika kioo kwenye springi kinaweza kuchomoka, na kioo kikaja chote mikononi mwa mtoto.

Dirisha lenyewe halikuwa na kasoro. Lilikuwa zuri kuliko la kwangu nyumbani. Tulilitoa, tukalikalisha upya, na linafungwa.

Kwa hiyo kabari ziwe za kitu gani? Hapa kila fundi ana dini yake. Mimi naitazama kabari kwa mambo matatu: ikikandamizwa inanywea? Ikipata maji inakunywa? Naweza kuikata bila kuitikisa kazi niliyokwisha kuilinganisha?

Ya mwerezi ndiyo inayouzwa kila duka la vifaa, fungu limefungwa kwa plastiki, nene upande mmoja, upande wa pili imechongoka. Si mwangati wetu wa Shume kule Lushoto. Huu ni mwerezi mwekundu wa magharibi ya Marekani, mwepesi, laini, unanukia vizuri ukiupasua. Faida yake ni wepesi wa kukata: unaupitisha kisu mara mbili, unauvunja kwa kidole gumba, unakatika sawa na fremu. Una asili ya kutooza upesi. Lakini ni mbao laini. Ukiubana kwa skrubu unanywea, na unyevu ukiingia unavimba, ukitoka unasinyaa. Ubavuni, juu, sehemu ambazo maji hayafiki, nautumia bila wasiwasi. Chini ya pembe zinazobeba mzigo siuweki. Kuna mafundi wazee wa hapa wameutumia maisha yao yote na madirisha yao yamesimama. Sibishani nao, ila wao walikuwa wakifunga madirisha ya mbao, ambayo yanajibeba.

Ukitumia kabari ya kuchongoka, ya mwerezi au ya nini, tumia mbili zinazokutana, moja kutoka ndani na nyingine kutoka nje, zilaliane. Hapo nyuso zinakuwa sambamba. Moja peke yake, au mbili kutoka upande mmoja kama kwa yule dada, inabeba kwa ukingo mmoja tu, na fremu inajizungusha kufuata ukingo huo. Mbao ngumu ingeweza kustahimili. Vinili inafuata tu inapoambiwa.

Kabari za plastiki zenye umbo la kiatu cha farasi ndizo kipenzi changu chini ya dirisha na nyuma ya skrubu. Ni bapa, hazichongoki, kila unene una rangi yake: moja ya kumi na sita ya inchi, thumuni, thumuni na nusu, robo. Unazipanga moja juu ya nyingine mpaka upate unene unaotaka. Hazinywi maji, na kwa mzigo wa dirisha hazinywei. Lile pengo la katikati linaipitisha skrubu, yaani unaweza kuiingiza kabari au kuiongeza baada ya skrubu kuwa mahali pake, bila kutoboa. Ubaya wake ni utelezi. Ukizipanga nyingi bila kitu cha kuzishika, siku fundi mwingine akigonga ukuta zinaweza kuteleza. Mimi nazipaka tone la silikoni kati ya moja na nyingine, na nikiona mrundikano unazidi nusu inchi nasimama, nakata kipande kizima cha ubao badala yake.

Ubao gani? Hapo kwenye mteremko wa kizingiti ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na wateja wanaona nachelewa. Nachukua skwea inayokunjwa, naichukua pembe ya kizingiti halisi, maana nyuzi 14 ni ya kitabuni na nyumba haikusoma kitabu. Kisha napasua ubao wa PVC ya povu gumu, ule mweupe unaouzwa kwa urembo wa nje wa nyumba, kwa msumeno wa meza ulioinamishwa pembe hiyo hiyo. Natoka na kabari pana, ndefu kadiri ya kina cha dirisha, ambayo ikilala juu ya mteremko uso wake wa juu unakuwa tambarare. Nakata vipande vya inchi nne hivi. Kimoja kinakwenda chini ya kila mwimo, pembeni kabisa, vingine vinafuata katikati kwa nafasi zilizo sawa. Karatasi ya kiwanda ikitaka kizingiti chote kibebwe mwanzo hadi mwisho, natii karatasi, maana dhamana iko kwao.

Sababu ya kupendelea vipande badala ya bapa moja refu ni maji. Dirisha la vinili limetengenezwa likijua kwamba maji yataingia kwenye mfereji wake wa chini, na lina matundu ya kuyatoa. Yakipita pembeni yakafika chini ya fremu, yanataka njia ya kufuata mteremko wa zamani kwenda nje. Ukipiga ukuta chini mzima, halafu ukauziba kwa silikoni nje na ndani, umejenga bwawa juu ya mbao ya mwaka 1924.

Mbao iliyotiwa dawa pia inafaa kwa kabari hizi, na ni rahisi kupata. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2003, dawa ya arseniki ilipoachwa kwenye mbao za majumbani, dawa nyingi zilizoshika nafasi yake zina shaba nyingi, na shaba inaila skrubu ya kawaida. Ukiitumia, weka skrubu isiyoshika kutu au iliyochovywa kwenye zinki ya moto. Isitoshe mbao hizo huuzwa zikiwa mbichi, zinasinyaa baada ya wewe kuondoka.

Vitu visivyotakiwa chini ya dirisha ni vingi na vyote nimevikuta: katoni, magazeti yaliyokunjwa, kipande cha zulia, kipande cha lami ya kuezekea. Cha mwisho hiki mafundi wanakipenda kwa milango kwa kuwa kinakatwa kwa mkasi, lakini lami inalainika joto likipanda, na dirisha la upande wa magharibi mwezi wa Julai linapata joto la kutosha.

Nimekwisha kulitaja povu, nalirudia kwa kuwa ndilo linalopotosha wengi. Povu ni la kuzuia upepo. Si la kubeba. Hata lile gumu ukilishika kwa kidole linaonekana limekaa, lipe mwaka mmoja na kilo thelathini. Na ukikosea ukanunua lile linalofura sana, la kuziba mashimo makubwa, linausukuma mwimo kwenda ndani mpaka kioo kinakwama. Nunua lililoandikwa ni la madirisha na milango, piga mstari mmoja mwembamba, acha likauke, kisha ongeza ikihitajika. Na kabari ziwe zimeshakaa na skrubu zimeshakazwa kabla chupa haijatikiswa.

Sasa suala la baridi. Tarehe 30 Januari 2019 hapa Minneapolis kipimajoto kilifika nyuzi 33 chini ya sifuri za Selsiasi. Majira ya joto tunafika 35 juu. PVC inatanuka na kusinyaa zaidi ya mara kumi kuliko mbao ikipimwa kwa urefu wake, na kama mara saba kuliko kioo kilichomo ndani yake. Mwimo wa mita moja na nusu, kama wote ungepoa na kupashwa nyuzi 60, ungebadilika urefu kwa karibu milimita 6. Kwa kweli hausogei kiasi hicho, kwa kuwa uso wa ndani unabaki na joto la chumba wakati wa nje umeganda. Badala yake unapinda, tumbo likija ndani. Ndiyo maana unaacha nafasi ya robo inchi kila upande, na ndiyo maana kabari inakaa nyuma ya kila skrubu, si mahali pengine. Kabari inautuliza mwimo pale ulipobanwa. Kwingine uache upumue.

Juu siweki kabari za kukaza kabisa. Siku theluji ikijaa juu ya paa, boriti ya juu ya dirisha inashuka kidogo. Ikikuta kabari imekazwa, mzigo wa paa unakuja juu ya fremu ya plastiki. Juu pana ule mfuniko wa kutelezesha unaokuja na dirisha na sufi laini ndani yake, panatosha.

Namna ya kujua kama dirisha limekaa sawa haina uchawi. Tepu kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe zile nyingine. Tofauti isizidi thumuni ya inchi. Weka pimamaji kwenye kizingiti na kwenye miimo, sura zote mbili. Halafu pima upana wa dirisha juu, katikati na chini. Ile ya katikati ndiyo wengi wanairuka na ndiyo inayoonyesha kama skrubu imeuvuta mwimo. Kisha fungua, funga, komea, inua kioo nusu ukiache. Fanya haya kabla ya povu.

Jambo moja kabla hujashika patasi, hasa wewe uliyenunua nyumba na unataka kujifanyia: kama ilijengwa kabla ya mwaka 1978, chukulia kwamba rangi ile ina risasi mpaka ipimwe. Madirisha ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa vioo kumesaga rangi kuwa vumbi kwa miaka mingi. Tangu Aprili 2010 fundi anayelipwa kuvuruga rangi hiyo anatakiwa kuwa na mafunzo na cheti chini ya kanuni ya shirika la mazingira la serikali, EPA. Mwenye nyumba anayejifanyia kwake habanwi na kanuni hiyo, ila watoto wake mapafu na damu ni zile zile. Tandika plastiki, lowesha kabla ya kukwangua, usipige msasa mkavu, watoto wakalale kwa shangazi.

Ndugu zangu wa nyumbani wananiuliza kama haya yanawahusu, maana siku hizi Dar na Tanga madirisha ya PVC yanaingia. Theluji haiwahusu. Tofali halina mteremko wala vyuma vya kamba. Lakini vinili ni ile ile, haijibebi, na jua la saa tisa juu ya fremu ya rangi ya kahawia linaipasha kweli kweli. Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo hapa silioni na kule nimelikuta mara nyingi: fundi anasimamisha fremu kwa vipande vya mbao, anapiga plasta, vipande vinabaki humo ndani. Mchwa wanavipata. Baada ya misimu michache plasta iko pale, kabari hakuna, fremu inalia ukiifunga. Mwambie fundi wako aweke za plastiki chini ya pembe na nyuma ya skrubu, za mbao azitoe zote kabla hajapiga plasta, na kama nyumba iko karibu na bahari, skrubu ziwe zile zisizoshika kutu.